Sahani Mbili za Sista

Watu wa Ujiji wakimtaja Sista huanza na unene wake. Watakusimulia alivyokodi bajaji nzima kwa sababu abiria wa pili hakupata pa kukaa, na alivyovunja kiti cha plastiki kwenye harusi ya watu. Waache waanze huko. Mimi naanza na sahani zake mbili, kwa sababu bila hizo hao wanaocheka wangekuwa walishakula pilau la hitima yangu, wakanawa mikono na kunisahau.

Zilikuwa sahani za bati, nyeupe, zenye ukingo wa buluu, na ndani, chini kabisa, kila moja imechorwa waridi jekundu. Alizibeba kwenye kikapu cha ukindu pamoja na mwiko wake mwenyewe. Kanuni ilikuwa moja: anapakua yeye, unachagua wewe. Ukishachagua, inayobaki ni yake, na ataila yote mbele yako hata kama nusu saa nyuma ametoka kula na mgonjwa mwingine. Kwa hiyo ilimbidi apakue kwa haki, na wewe ukakosa pa kulalamikia. Hakuwahi kuniambia "maliza" wala "jitahidi mwanangu." Alisema tu, "Haya, tulione waridi." Ukimuuliza kwa nini na yeye ale, alikujibu kwa maneno yale yale kila siku: "Sili peke yangu, huli peke yako."

Sista lilikuwa jina la kazi, kama wauguzi wote wanavyoitwa. Mtawa hakuwa. Alikuwa Mwislamu wa swala tano, aliyeachika mara mbili, na mara zote mbili kwa kosa lile lile, alivyosema mwenyewe: ubishi. Kazi yake ilikuwa wodi ya lishe, wanakolazwa watoto wadogo waliodhoofu kwa njaa, na mama zao wameketi kando ya vitanda na vikombe vya maziwa. Mahali pa binti wa miaka kumi na sita anayekataa kula hapakuwapo. Sista ndiye aliyepatengeneza, kwa meza moja ya plastiki aliyoisukuma hadi dirishani mwisho wa wodi.

Nieleze kwanza nilivyofika kwenye meza hiyo. Dada yangu aliolewa, tukapimwa sare za harusi. Fundi aliyenipima alikuwa mtu wa mzaha. Alinizungushia futi kiunoni akasoma namba kwa sauti, wanawake wote baraza zima wakasikia, akaongeza neno, wakacheka. Mimi nilicheka pia. Nikatoka pale nikiwa nimeshaamua jambo ambalo sikumwambia mtu.

Nyumbani tulikula kwenye sinia, kama nyumba nyingi za Ujiji. Sinia lina siri. Mikono saba ikiingia na kutoka, nani atajua upi umetoka na tonge na upi umetoka mtupu? Juu ya hilo nikafunga. Nilifunga Ramadhani, nikafunga sita za Shawali, nikaendelea na Jumatatu na Alhamisi, kisha na siku ambazo hazimo katika kitabu chochote. Bibi yangu, aliyenilea, alijisifu kwa majirani kwamba mjukuu wake ni mcha Mungu, na baibui lilinifichia yaliyobaki. Sitamlaumu. Alikosea kama watu wetu wanavyoweza kukosea: aliona ibada palipokuwa na ugonjwa, akaniombea Mungu anizidishie.

Nikaanguka mstarini shuleni. Hospitali walipima malaria, hakuna. Wakapima mimba, hakuna. Wakapima kile ambacho watu hukitaja kwa kunong'ona, hakuna. Daktari mmoja kijana, aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, alisema polepole kwamba haya ni maradhi ya kula, ni ya akili na ya mwili kwa pamoja, na yana matibabu yake maalumu, ila wodi yake hapa haipo. Mwenzake akadakia kwamba huo ni ugonjwa wa Wazungu. Sista alikuwa akipita na beseni.

"Mzungu yuko wapi?" aliuliza. Akatazama chini ya kitanda changu. Akafungua na kabati. "Simwoni. Ninamwona mtoto wa Ujiji, na moyo wake unapiga polepole. Nipeni."

Wakampa. Siku ile ile alimbana yule daktari kijana kwa maswali mpaka akamwandikia kwenye daftari kila alichokijua, na tangu hapo kila daktari wa akili aliyepita Kigoma alikuta Sista anamngoja na daftari lake. Alisema mwenyewe kwamba nusu ya kazi hii alifundishwa na wataalamu, na nusu alifundishwa na watoto wa maziwa.

Kwa wale watoto alijua jambo ambalo Bibi hakulijua: mtu aliyekaa na njaa muda mrefu, ukimshindilia chakula siku ya kwanza, unaweza kumuua. Kwa hiyo wiki ile ya mwanzo nililishwa kidogo kidogo, uji na dawa, huku nikitolewa damu kila asubuhi. Bibi alikuja na hotpoti ya wali na samaki, migebuka iliyoungwa kwa mawese, akazuiwa mlangoni.

"Mnasema mtoto hali," Bibi akapiga kelele, "nimemletea chakula mnakizuia! Ninyi ni watu gani?"

"Mama, hicho chakula kizuri," Sista alimwambia. "Siku zake zitafika. Leo utamzika nacho."

Bibi hakumsamehe neno hilo kwa muda mrefu. Kilichomuudhi zaidi ni sahani. Nilipotoka hospitali, Sista alitoa amri kwamba nisile tena kwenye sinia mpaka aseme yeye. Nile sahani yangu, na mtu mzima mmoja ale na mimi ana kwa ana. Kwetu kumpakulia mtu peke yake ni kumwambia ana choyo, au ana maradhi ya kuambukiza. Bibi alilia machozi ya kweli. "Mmemtenga mjukuu wangu." Sista alikaa sakafuni pamoja naye, mwili wote ule, wakagombana mpaka Laasiri. Alipoinuka, Bibi alikuwa amekubali mlo wa asubuhi na wa jioni. Mchana nilikwenda wodini kwenye meza ya plastiki, kila siku, kwa miezi tisa.

Usifikiri alikuwa malaika. Alikuwa mkali, mwongo akitaka, na mwenye kisirani cha kudumu. Aliwadanganya wakubwa wake kwamba meza ile ni ya kukunjia nepi. Alisema wazi kwamba hapendi watu wanaoimba wakifanya kazi. Madaktari walimwogopa, lakini paka wa jikoni alimwibia samaki kila siku na hakuwahi kumfukuza. Alinikataza kutaja miili mezani, mwili wowote, wa mtu yeyote, halafu yeye mwenyewe akijitazama kwenye kioo cha mlangoni alijiita meli. "Meli imetia nanga," alisema akikaa. Nilimwambia anavunja kanuni yake. Akanijibu kwamba nahodha anaruhusiwa.

Mizani aliigeuza. Nilipanda nikiwa nimeipa mgongo, yeye akasoma na kuandika, na uso wake haukuniambia lolote. Nilimchukia kwa hilo. Nilimwambia namba ni yangu, ni haki yangu. Alisema, "Namba ilikuuza kwa bei rahisi. Leo naishika mimi." Leo mimi mwenyewe ni fundi cherehani, nina chumba changu cha kushonea huko Mwanga, na futi iko shingoni mwangu kutwa. Napima watu kimya. Naandika kimya. Mteja akiniuliza amezidi ngapi, namwambia nguo itamkaa, basi. Wengine wamenihama kwa sababu hiyo, na waende.

Kuna jambo la maharage nililigundua nikiwa nimeshapata nafuu. Tulikuwa tumeyala pamoja mara nyingi mno. Siku moja mpishi wa wodi akanitania kwamba lazima Sista ananipenda sana, maana yeye na maharage hawapatani tangu shule ya bweni, hata harufu hawezi. Nikamwendea moto moto kumuuliza kwa nini hakusema. Akafuta mdomo. "Kwani ulidhani ni wewe tu unayemeza usichokitaka?" Tangu siku hiyo sikumwambia tena kwamba haelewi.

Pia alikuwa mwoga wa maji, mtu aliyeishi maisha yake yote kando ya ziwa. Lakini alikuwepo binti wa Kagunga, wa umri wangu, aliyekula nasi mwezi mmoja kisha baba yake akaja kumchukua. Sista alingoja wiki moja. Wiki ya pili akasema tunakwenda. Alinichukua na mimi kwa sababu, alivyosema, mlo wangu wa mchana hauna likizo. Tulipanda boti ufukweni Kibirizi. Kuanzia pale hadi Kagunga alishika ubao kwa mikono yote miwili, akatapika, akasoma dua, akatapika tena, na wanaume wa boti wakamcheka kwa Kiha wakidhani haelewi. Alipofika nchi kavu aliwajibu kwa Kiha hicho hicho, wakanyamaza.

Baba wa binti, mvuvi, alitusalimia kwa adabu ya Kiha, akipiga makofi taratibu. "Mwakeye, Sista. Karibuni. Ila mwanangu kuna kitu kimemkalia. Tumeshampata mtu wa kukitoa."

"Kitoeni, sikatai," Sista akasema. "Ila kisitolewe mtoto akiwa na njaa. Hata pepo hatoki kwenye nyumba inayoanguka. Niazimeni sahani moja, tumekuwa watatu."

Akapakua tatu. Mtu aliyetoka kutapika njia nzima akala ugali wa muhogo na dagaa, tonge kwa tonge, macho yakimtoka, mbele ya wavuvi waliosimama mlangoni. Binti alimtazama. Nadhani sote tulijua kinachomgharimu. Binti akavuta sahani yake. Yule baba akamwambia mkewe amfungashie mtoto nguo. Leo binti yule anauza dagaa Kibirizi kwa sauti inayosikika barabarani, na asiyeamini aende akamsikilize.

Nimeliacha la Ramadhani kwa makusudi, kwa sababu ndilo watu walilomshikia bango.

Ilifika nikiwa mwezi wa tano wa matibabu. Nilifurahi kwa furaha mbaya, furaha ya mtu aliyefunguliwa mlango wa nyuma. Nilimwambia Sista nitafunga, na hapo hana la kusema, maana hii si mimi, hii ni dini. Akanitazama. "Njaa si ibada," akasema. "Funga ni ibada. Wewe unataka njaa, umeivalisha kanzu." Akanishika mkono, akanipeleka kwa shehe wa mtaa wetu.

Shehe alisikiliza vizuri. "Mgonjwa ana ruhusa, hilo halina mjadala. Binti ale." Kisha akamgeukia. "Lakini wewe Sista u mzima. Kaa naye tu, usile."

"Nilijaribu jana, kabla mwezi haujaandama," Sista akasema. "Niliweka sahani yangu tupu. Aliitazama, akaisukuma ya kwake. Shehe, mtoto huyu hali bila mwenzake. Awe huku au awe kaburini, yeye hajali."

Shehe alihesabu tasbihi yake muda mrefu. Mwishoni akasema, "Ukilazimika kwa kuokoa roho, utazilipa siku hizo. Zote."

"Nitalipa," akasema Sista.

Akala nami mchana wa Ramadhani, mwezi mzima, dirishani, na dirisha lilikuwa wazi. Habari zilifika Ujiji kabla yetu. Akina mama wa kisomo waliacha kumwalika. Mwuza mkaa alikataa kumwuzia, eti asije akapikia mchana. Na Bibi yangu, mtu aliyemchukia kwa ajili ya hotpoti na sahani, alijifunga kanga akaenda kusimama katikati ya wale akina mama akawaambia, "Mtoto anayelishwa ni wangu. Mwenye neno aniambie mimi." Mimi nilikuwepo. Bibi alikuwa mfupi, na siku hiyo nilimwona ni mkubwa kuliko watu wote wa mtaa ule.

Baada ya Idi, Sista alianza kulipa. Alifunga siku moja moja katikati ya mwaka, siku ambazo nilikuwa naweza kula na Bibi. Alikuwa na uzi mweupe wenye mafundo, fundo kwa kila siku anayodaiwa, umetundikwa kwenye msumari wa chandarua, na kila akilipa siku alifungua fundo moja. Baada yangu walikuja wengine, mabinti na mvulana mmoja mchezaji mpira wa Ilagala, na kila Ramadhani uzi ulifungwa upya. Alipostaafu, meza ya plastiki ilihamia barazani kwake. Daktari wa akili alipokuja mkoani, naye alikaa kwenye baraza hiyo, kwenye mkeka, na kupewa sahani achague.

Wanaouliza kama nimepona nawajibu ndiyo, kwa ukali, kwa sababu wanauliza kwa umbea. Wewe nitakuambia kweli. Sikupona kama mtu anavyopona malaria. Miezi ya harusi, kazi zikirundikana, huwa nasahau chakula cha mchana, na nikiwa mkweli ule si usahaulifu. Ugonjwa unabisha hodi. Siku nyingi siufungulii.

Mwaka huu ulikuja mwezi wa namna hiyo. Nilikuwa na sare za watu arobaini mezani. Mchana jirani yake Sista akanipigia simu. Sista siku hizi ana sukari, anajidunga sindano asubuhi na jioni, na daktari amempiga marufuku kufunga. "Kaanguka uani," jirani akasema. "Ameamka, ila hataki hata maji. Anasema kafunga. Njoo wewe, mimi kanifukuza."

Nilipanda bodaboda hadi Ujiji bila kuvua futi shingoni. Nilimkuta kitandani, amepungua, mikono imelegea, jasho usoni. Uzi ulikuwa msumarini.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Nani kakuita?"

"Umefunga?"

"Nalipa."

"Daktari kasema utakufa."

"Daktari hajui ninachodaiwa."

Nikautazama uzi. "Zangu ni zipi hapo?"

"Zako nilizimaliza zamani. Hizo kumi na saba ni za yule mchezaji mpira. Nilipoanza sindano zilikuwa zimebaki."

"Sista, fidia ipo. Asiyeweza kufunga analisha masikini."

"Fidia ni ya asiyeweza," akasema. "Mimi naweza. Niko sawa kabisa, mnanisumbua bure."

Nililijua neno hilo. Nilikuwa nimelisema kwa Bibi, kwa mwalimu, kwa madaktari, kwa yeye mwenyewe, kwa sauti hiyo hiyo, huku nikishika ukuta. Nilipandwa na hasira kama sijawahi kupandwa. "Njaa si ibada!"

"Usinirudishie maneno yangu, we mtoto."

"Nikayarudishe kwa nani? Fidia nitapika mimi. Masikini kumi na saba nitawalisha mmoja mmoja, kwa mkono wangu. Lakini leo unakula."

Akageukia ukutani. Nilikoroga maji ya sukari, nikayaweka karibu naye, hakuyagusa. Jirani alikuwa ameacha ugali na migebuka jikoni. Nilishusha kikapu, nikatoa sahani mbili, nikapakua, nikaziweka kwenye kigoda mbele yake.

"Sili peke yangu, huli peke yako. Chagua."

Sista akainuka taratibu kwa kiwiko. Alizitazama sahani zile kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akanyoosha mkono akavuta moja, na hapo ndipo nilipoona. Aliyoivuta ilikuwa na kipande cha ugali cha kujaa kiganja na mkia wa samaki. Iliyobaki ilikuwa imejaa. Sikuwa nimekusudia. Mkono wangu ulinipakulia ya kwangu bila kuniuliza.

"Anayepakua hachagui," akasema. "Hiyo kubwa ni yako. Umekula nini leo?"

"Kazi zilikuwa nyingi."

"Nimeuliza chakula, sikuuliza kazi. Na jana?"

Nilikuwa nimekuja kumwokoa mtu, na futi ilikuwa bado shingoni mwangu.

"Rudisha zote sufuriani," Sista akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa ile ile. "Pakua upya. Ukipakua sawa, nitakula."

Nilizirudisha. Nikavua futi, nikaiweka chini. Nikapakua nikiangalia mwiko, samaki kwa samaki, ugali kwa ugali, mpaka mimi mwenyewe nikashindwa kujua ningetaka ipi. Nikaziweka kwenye kigoda.

"Chagua."

Akachagua ya kushoto. Akanywa kwanza maji ya sukari, akasema Bismillahi, akakata tonge, akanitazama mpaka nikakata langu. Waridi lake lilionekana kwanza. Akaweka mkono mapajani, akanisubiri.